Hiyo Faida ya Jioni Ni Tairi Zako Unakula

Kuna video moja inarudi kila wiki, ni sura tu hubadilika. Msee ameegemea mlango wa Canter, mkononi ameshika noti zimepangwa kama karata. "Leo nimetoka Nakuru. Nimelipwa ngiri kumi na nne. Mafuta nimeweka ya tisa. Nimebaki na tano, siku moja tu. Nyinyi endeleeni kutuma CV." Muziki unapandishwa, mioyo inamiminika, na kwa komenti vijana wamejipanga foleni: "Boss, nianzie wapi?"

Mimi nitakujibu, ju yeye hatakujibu. Anzia kwa kalkuleta.

Huyo jamaa hajabaki na tano. Kwa hesabu nitakayokuwekea hapa chini, amepoteza karibu tano. Amemka saa kumi usiku, akashuka Mai Mahiu na mzigo wa mtu, akarudi Nairobi gari tupu, na juu ya hayo yote akamwongezea mwenye mzigo pesa kutoka mfukoni mwake. Kisha akatoa simu akajirekodi akisherehekea.

Kabla hujaniita hater, sikia nilipotoka. Mimi ni mtoto wa hiyo video. Mzee wangu alinunua Canter ya mitumba kwa 2,400,000. Laki tisa zilikuwa zake, za miaka mingi ya kujinyima. Milioni moja na nusu alikopa, miaka mitatu, na dhamana ikawa hatimiliki ya shamba la shosho. Kila jioni alikuwa anaingia, anaweka noti mezani, anasema, "Leo imebaki nne," ama, "Leo imebaki tano." Sisi tunafurahi. Jumamosi nyama. Mathe anashukuru Mungu.

Halafu tarehe ya marejesho inafika, 54,000, na nyumba nzima inanyamaza. Mzee anapiga simu huku na kule. Wiki moja tairi mbili za nyuma zilipasuka zikifuatana, na akachukua mkopo wa simu kununua zingine. Nilikuwa Form Three. Nikamuuliza swali la kijinga tu, la mtoto:

"Baba, kama kila siku inabaki tano, mbona tunakopa kununua tairi?"

Akaniangalia. "Wewe hujui barabara," akasema, akatoka nje.

Hakuwa amekasirika. Hakuwa na jibu. Na sidhani kuna wengi kwenye stendi za malori walio na hilo jibu, ndiyo maana naandika.

Sasa shika kalamu. Nitatumia namba za kitabu chetu, nimezikata kidogo zikae vizuri. Zako zitakuwa tofauti. Cha muhimu ni njia.

Kanuni ya kwanza: gari halili kwa siku, linakula kwa kilomita. Mteja anakulipa kwa safari, wewe unahesabu kwa siku, benki inahesabu kwa mwezi, na tairi inahesabu kwa kilomita. Hizo ni lugha nne tofauti ndani ya biashara moja, na hapo ndipo pesa inapotelea. Lazima zote uzitafsiri ziwe lugha moja. Swali ni moja tu: kilomita moja ya gari langu inanigharimu shilingi ngapi?

Kuna gharama zinazoenda na gurudumu. Gari likisimama, zinasimama.

Mafuta. Canter yetu, ukichanganya safari za mzigo na za bure, inakwenda kilomita 6 kwa lita. Dizeli tuseme ni 170. Gawa: 28.33 kwa kilomita.

Tairi. Canter ina sita. Kila moja 18,000, jumla 108,000. Zinatupeleka kilomita 45,000. Gawa: 2.40 kwa kilomita. Ndiyo, kila kilomita unayosukuma unaacha shilingi mbili na senti arobaini za raba kwa lami. Huzioni, lakini ulishazinunua.

Sevisi. Oili, filta, grisi, mkono wa fundi: 12,000 kila kilomita 5,000. Hiyo ni 2.40 nyingine.

Matengenezo. Breki, klachi, springi, betri, taa, vioo. Hizi haziji na ratiba, zinakuja na laana. Sisi tukachukua risiti za mwaka mzima, zile zilizopatikana, tukagawa kwa kilomita. Ikatoka 4.00.

Uchakavu. Hii ndiyo kila mtu anaikimbia. Gari la 2,400,000 ukilitumia miaka mitano, kilomita 300,000, halafu upate mtu wa kulinunua kwa 900,000, umekula 1,500,000 ya chuma. Gawa kwa hizo kilomita: 5.00.

Jumlisha zote. 42.13. Tuite 42.

Sasa kuna gharama zinazokungoja hata gari likilala. Mvua inyeshe, mzigo ukosekane, kuwe na maandamano mjini, hizi bado zinahesabu. Kwa mwezi: bima 12,000. Riba ya mkopo, wastani, 12,500. Maegesho ya usiku na mlinzi 6,000. Ukaguzi wa NTSA, kodi ya mapema ya KRA, spidi gavana, vyote ukigawa kwa miezi kumi na miwili, 2,000. Tanboi 800 kwa siku, siku 25, ni 20,000. Simu na ada za M-Pesa 1,500. Na dereva 30,000, hata kama dereva ni wewe. Nitarudi hapo, usianze kulia.

Jumla: 84,000 kwa mwezi kabla hujawasha injini.

Mwezi mzuri mzee alikuwa anapiga kilomita 5,000. 84,000 gawa kwa 5,000 ni 16.80, tuite 17. Jumlisha na 42. Kilomita moja ya Canter yetu ni shilingi 59.

Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Kwenda na kurudi, 320. Mara 59, unapata 18,880. Alilipwa 14,000. Amepoteza 4,880.

Na cheki mafuta: 320 gawa kwa 6 ni lita 53 na kidogo, mara 170, ni kama 9,067. Kwa hivyo jamaa wa video hakudanganya. Kweli aliweka ya tisa. Kweli alibaki na noti tano mkononi. Shida ni kwamba zile noti si zake. Ni za tairi, za bima, za klachi itakayoisha Machi, za riba, za Canter ya kesho. Yeye amezikuta mfukoni akadhani ni faida. Anakula gari lake kipandekipande, na kwa sababu halijaisha bado, anadhani ameshiba.

Sasa najua komenti zinazokuja. Tuzimalize moja baada ya nyingine.

"Lakini mimi naendesha mwenyewe, silipi dereva." Huu ndio uongo mtamu kuliko wote. Basi toa ile 30,000. Ni shilingi 6 kwa kilomita. Unabaki na 53, mara 320, 16,960. Bado umepoteza karibu ngiri tatu, na sasa umefanya kazi bure juu yake. Kule Marekani kuna taasisi ya utafiti ya sekta ya malori, ATRI, ambayo kila mwaka hutoa gharama ya kuendesha lori maili moja. Kwa mwaka 2023 ilikuwa dola 2.27, na kitu kilichokula sehemu kubwa zaidi hapo ni malipo ya dereva, kuliko hata mafuta. Kule dereva ni gharama namba moja. Hapa kwetu dereva akiwa mwenye gari, ghafla anakuwa bei ya sufuri. Ukiugua wiki mbili utaajiri mtu, na huyo mtu hatakubali kulipwa kwa motisha. Jilipe. Kama biashara haiwezi kukulipa wewe mwenyewe, hiyo ni kazi ya kujitolea yenye namba ya usajili.

"Mimi nilinunua keshi, sina mkopo." Hongera, na sikejeli. Ondoa riba, kilomita yako inashuka kwa shilingi mbili na nusu hivi. Ile safari ya Nakuru bado ni hasara. Na hizo milioni mbili na nusu karibu zingekuwa SACCO zingekuwa zinakuzalia kitu. Ulizitoa huko, kwa hivyo gari lina deni lako.

"Mbona hujaweka marejesho yote ya mkopo, 54,000?" Swali zuri, na wengi hukosea hapa kwa upande wa pili. Ukishahesabu uchakavu wa gari, usihesabu tena pesa ya kulinunua, ju utakuwa umelilipia mara mbili. Riba ndiyo gharama ya ziada. Lakini usisahau kwamba benki haijali uchakavu, inataka 54,000 tarehe yake. Kwa hivyo weka vitabu viwili: kimoja kinakuambia kama unapata faida, kingine kinakuambia kama utakuwa na pesa mkononi tarehe ya kulipa. Ni vitu viwili tofauti. Mtu anaweza kuwa na faida na bado gari likachukuliwa. Na mtu anaweza kuwa na noti kila jioni huku anafilisika. Mzee wangu alikuwa huyo wa pili.

"Soko ndilo linaamua bei. Nikikataa 14, nyuma yangu kuna kumi wanaitaka." Hii ndiyo hoja yenyewe, na haitaki matusi, inataka jibu.

Ni kweli kuna kumi nyuma yako. Lakini jiulize hiyo 14 ilitoka wapi. Haikuanguka kutoka mbinguni. Broka alianza na 20. Mmoja akasema 18. Mwingine hakuwa amepata kazi siku nne, akasema 16. Wa mwisho akapiga hesabu ya mafuta peke yake, akaona kuna kitu kinabaki, akasema 14. Bei ya soko letu inawekwa na yule ambaye hajui kuhesabu. Sisi wengine wote tunamfuata hadi shimoni, halafu tunaita hilo shimo "soko".

Na kuna jambo linauma zaidi. Huyo aliyekosa kazi siku nne ndiye kilomita yake ni ghali kuliko zote. Rudi kwa zile 84,000. Ukipiga kilomita 5,000 kwa mwezi, kila kilomita inabeba 17. Ukipiga 3,000 tu, kila kilomita inabeba 28. Sasa kilomita yako si 59 tena, ni 70. Nakuru kwenda na kurudi inakuwa 22,400. Yule mwenye kazi kidogo ndiye anahitaji bei ya juu, na ndiye huyo anashusha. Njaa inampangia bei. Broka anajua hivyo, ndiyo maana anakupigia jioni, wakati umekaa kwa stendi siku nzima na umenunua chai kwa deni.

Siwalaumu wenye njaa, nimekula hiyo njaa. Nawalaumu wanaoichukua, wanaiwekea muziki, na wanawauzia vijana wa Form Four kama ndoto. Nawalaumu wanaotoa mikopo na tangazo la "miliki gari lako leo" bila ukurasa mmoja unaosema gari hilo lazima lipige kilomita ngapi kwa mwezi, na kwa bei gani, ndiyo mkopo ulipike. Wao wana watu wa kuhesabu. Hiyo hesabu wanayo. Hawakupi kwa sababu shamba la shosho linawatosha.

Na serikali nayo isijifiche nyuma ya kalkuleta yangu. Ushuru wa kutengeneza barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Mwaka mmoja kabla, VAT ya mafuta ilikuwa imetoka asilimia 8 hadi 16. Gari la kilomita 6 kwa lita, likipiga 5,000 kwa mwezi, linakunywa lita 833. Mara 25, ni zaidi ya 20,800 kwa mwezi. Ushuru mmoja tu. Umezidi mshahara wa tanboi wetu, anayebeba magunia kwa mgongo siku 25. Na bado springi zetu huvunjikia kwa mashimo ya hiyo hiyo barabara. Kwa hivyo mtu akikwambia umasikini wa mwenye Canter ni uvivu, muulize yeye analipa barabara ngapi kwa mwezi.

Lakini hata hapo, asiyejua namba yake hawezi kulalamika kwa maana. Atasema tu "mafuta yamepanda". Anayejua atasema: dizeli ikipanda shilingi sita, kilomita yangu inapanda shilingi moja, Nakuru inapanda 320, kwa hivyo bei yangu mpya ni hii. EPRA hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi. Tarehe 15 wewe unafaa kuwa na namba mpya mfukoni. Mwenye pampu amebadilisha yake usiku uleule. Kwa nini wewe tu ndiye unabaki na bei ya mwaka jana?

Sasa sikia linalonitisha kuliko pesa.

Mtu anayepoteza karibu elfu tano kwa safari haachi kwenda. Anaendelea, ila anatafuta mahali pa kukata. Hawezi kukata mafuta, ju gari litasimama. Hawezi kukata mkopo. Anakata vile ambavyo havipigi kelele. Breki, "zitafika mwezi ujao". Tairi, anavaa hadi waya zionekane. Usingizi, anaunganisha safari mbili. Mzigo, anaongeza magunia juu ya kipimo na kuomba Mungu mizani ya Gilgil iwe na foleni. Halafu siku moja mteremko wa Mai Mahiu unadai deni lake lote kwa dakika moja, na hapo mbele kuna matatu imejaa watu ambao hawakuwahi kukubali ile bei ya 14,000. Hesabu mbaya ya mwenye lori haiishii kwa mwenye lori. Wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu, uko ndani yake.

Basi tufanye nini? Nitasema kile tulifanya nyumbani, bila kukudanganya kwamba kilikuwa rahisi.

Tulinunua kitabu cha mazoezi. Tarehe moja unaandika namba iliyo kwa mita ya dashibodi. Tarehe ya mwisho unaandika tena. Tofauti ndiyo kilomita zako, zote, pamoja na za kwenda gereji na za kurudi bure. Usihesabu tu zile za mzigo, gurudumu halijui kama umebeba viazi ama hewa. Risiti zote kwa bahasha moja. Jumapili mzee anasoma, mimi naandika. Mwezi wa kwanza alikuwa anaficha risiti za vibanda. Wa pili akaacha. Wa tatu yeye ndiye aliniamsha: "Kijana, leta kitabu."

Halafu ukaja ugunduzi wa pili. Kati ya kilomita 5,000, zilizokuwa na mzigo wa kulipiwa zilikuwa 2,800. Maana yake kila kilomita yenye mzigo lazima ilipe yake na ilipie zile tupu. 59 mara 5,000, gawa kwa 2,800: ni 105. Hapo ndipo nilielewa kwamba adui yetu mkubwa hakuwa hata dizeli. Ilikuwa kurudi bure.

Na hapa naomba uwe makini, kuna wale watachukua namba 59 na kuigeuza dini. Umefika Nakuru, umeshusha, lazima urudi nyumbani. Mtu anakupa mzigo wa kurudi kwa 6,000. Hiyo ni shilingi 37 na nusu kwa kilomita, chini ya 59. Unakataa? Ukikataa umekosea. Zile kilomita 160 utazipiga tu, na mzigo ama bila. Chukua. 14,000 na 6,000 ni 20,000, na safari iliyokuwa hasara ya 4,880 inakuwa faida ya elfu moja na kidogo. Lakini ukitoka Nairobi kufuata mzigo wa 6,000 Nakuru, wewe ni mwendawazimu. Pesa ileile, mzigo uleule, ila moja ni akili na nyingine ni kujinyonga. Huwezi kutofautisha kama hujui namba yako.

Mzee akaanza kusema bei. Nakuru bila mzigo wa kurudi, 22,000: ile 59, na juu yake kama asilimia kumi na tano ya kuitwa faida kweli. Wateja watatu walimcheka na kuondoka. Mmoja wao hajarudi hadi leo. Wawili walirudi baada ya magari ya bei rahisi kuharibikia njiani na mboga kuoza. Kuna wiki alikaa nyumbani siku tatu, na zile siku tatu zilikuwa ngumu kuliko nitakavyoeleza hapa, kwa sababu kukaa kunaonekana kama uvivu na kwenda kwa hasara kunaonekana kama bidii. Majirani wanaona Canter imeegeshwa, wanasikitika. Hawaoni kwamba kutoka kwa 14,000 nako ni hasara.

Fanya hiyo hesabu pia, tafadhali. Gari likilala, zile 84,000 kwa siku 25 ni 3,360 kwa siku. Likienda Nakuru kwa 14,000, gharama za gurudumu peke yake, 42 mara 320, ni 13,440, kwa hivyo linabakisha 560 tu za kulipia hizo 3,360. Bei ikishuka chini ya hizo gharama za gurudumu, kazi ya maana zaidi unayoweza kufanya siku hiyo ni kuosha gari na kulala.

Hatukutajirika. Sina mwisho wa namna hiyo wa kukupa, na yeyote anayekupa mwisho wa namna hiyo anakuuzia kozi. Mkopo uliisha kwa kuchelewa miezi miwili. Jirani yetu, aliyeanza mwezi mmoja na sisi, mwenye gari kama letu na bidii kuliko mzee wangu, hakufika. Okshenia walikuja asubuhi, watoto wakiwa wanaenda shule. Huyo jirani hakuwa mvivu, hakuwa mlevi. Alikuwa anaweka noti mezani kila jioni.

Kwa hivyo wewe wa "Boss, nianzie wapi?", iwe ni Canter, Probox, tuktuk ama boda, jibu ni lilelile. Kabla ya kuuliza kwa siku unaingiza ngapi, uliza kilomita inakula ngapi. Ukimuuliza mwenye gari na hawezi kukuambia, basi na yeye hajui kama anapata au anapoteza, na hafai kukushauri. Na ukiona noti zimepangwa kama karata kwa kamera, angalia chini yake. Angalia tairi.

Hatimiliki ya shosho ilirudi. Iko kwa sanduku lake, chini ya leso. Shosho hajui kusoma hesabu za Canter, lakini siku mzee alipomrudishia aliuliza swali moja tu, na naliacha nanyi: "Mlikuwa mmeiweka wapi hii, na mlijua bei ya kuirudisha?"

Namba yako ya kilomita ni ngapi? Iandike hapo chini. Kama huijui, andika tu "sijui", hakuna kuchekana. Tuanzie hapo.